Baba, vipando vya huku sitaleta

Temecula, California

Shikamoo Baba. Mimi sijambo, kazi inakwenda. Natumaini Mama na wadogo zangu wazima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka nikija Desemba nikufichie kwenye begi vipando vichache vya zabibu za huku. Baba, kwa hilo nisamehe, sitaleta.

Huku kuna ugonjwa wa mizabibu uitwao Pierce, jina la mtaalamu aliyeuchunguza karne ya 19 mashamba ya zabibu ya Anaheim, humu humu California, yalipokauka. Chanzo chake ni bakteria, Xylella fastidiosa. Wanaishi kwenye mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, wanazaliana mpaka inaziba, na mzabibu unakufa kwa kiu hata kama jana umemwagilia. Dawa ya kuuponya haipo. Ni kung'oa tu.

Hapa Temecula ulipiga vibaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Anayeusambaza ni mdudu wa kahawia, urefu sentimita moja na kidogo, anayefyonza maji ya mti huu kisha anahamia ule. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani. Inaaminika aliingia California akiwa mayai kwenye majani ya miche. Umeona? Miche! Michungwa nayo ni maskani yake, kwa hiyo mashamba ya zabibu yaliyopakana nayo yaliumia sana.

Msimamizi wangu alinionyesha mzabibu mgonjwa. Majani yameungua kuanzia ukingoni, katikati bado kijani. Jani likidondoka, kikonyo kinabaki tawini kama njiti ya kiberiti. Shada limesinyaa kabla ya kuiva. Lakini majani yakishapukutika wakati wa baridi, na ndipo vipando hukatwa, mgonjwa na mzima huwezi kuwatenganisha kwa macho. Baridi kali huwapunguza bakteria hawa, ila kwetu Hombolo, Dodoma, baridi hiyo tutaitoa wapi?

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa aina 5 za mizabibu zinazostahimili ugonjwa huu. Hata hizo zinaingia nchini kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, si katikati ya nguo zangu.

Miche katafute kwa watafiti wa zabibu wa Makutupora, hapo hapo Dodoma. Na ukiona majani yameungua pembeni usikimbilie panga. Ukame na chumvi ya udongo navyo huunguza hivyo hivyo. Mwite bwana shamba kwanza.

Pesa ya mipira ya kumwagilia kwa matone nitamtumia dada mwisho wa mwezi. Aniambie urefu wa mistari kabla hajaenda dukani.

Mwanao