Jirani Yako Analala Chumba Gani?

Barua ya wazi kwa vijana wenye familia changa

Wanangu,

Siku hizi mkikutana hamkosi kuulizana: nchi ikiyumba kweli, sisi raia wa kawaida tutafanya nini? Mmoja anataka kujaza stoo mpaka darini. Mwingine amepanga kutorokea porini na mkewe na watoto, na sijui huko atamwomba nani kiberiti. Nimewasikiliza vya kutosha. Mzee akinyamaza mno, watu hudhani amekubali.

Kabla ya hayo ya stoo, nijibuni swali moja: jirani yako mliyepakana ukuta kwa ukuta analala chumba gani?

Msicheke. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilipiga Kobe na maeneo ya jirani nchini Japani, likaua watu zaidi ya 6,000. Japani ni nchi tajiri, na zimamoto wake wanasifika. Lakini nyumba zilianguka kwa maelfu kwa wakati mmoja, barabara zikaziba, na wengi waliotolewa kwenye vifusi wakiwa hai walitolewa na ndugu na majirani zao. Katika mji mdogo wa Hokudan, kwenye kisiwa cha Awaji, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, waokoaji walikuwa wazimamoto wa kujitolea, wenyeji wa hapohapo. Walijua fulani hulala chumba cha nyuma, na fulani hulala upande wa barabarani. Kwa hiyo hawakufukua nyumba nzima kwa kubahatisha, walikwenda moja kwa moja pale alipolala mtu. Siku hiyohiyo kila mkazi alikuwa ameshajulikana yuko wapi.

Mpango wowote wa dharura unaoanzia mlangoni kwako na kuishia jikoni kwako ni nusu mpango. Serikali itakuja, ninaamini itakuja, ila haitafika saa ya kwanza. Saa ya kwanza ni ya aliye karibu.

Najua kinachowazuia. Mnawaogopa watu kuliko mnavyoliogopa janga. Mnadhani umeme ukizimika siku tatu kila mtu atageuka mnyama. Hata wakubwa wa Uingereza walidhani hivyo kabla ya London kushambuliwa kwa mabomu ya Wajerumani: walitarajia raia wengi kurukwa na akili. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 mabomu yalianguka karibu kila usiku kwa usiku 57, na ule wazimu uliotarajiwa haukuja. Watu walishuka kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi kulala, ingawa mwanzoni serikali haikutaka, wakapangana wenyewe nani alale wapi. Sisemi wezi hawakuwepo. Walikuwepo, na watakuwepo siku zote. Uchumi wa Argentina ulipoanguka, watu waliunda vilabu vya kubadilishana bidhaa kwa hati walizochapisha wenyewe badala ya fedha; mwaka 2002 hati bandia zikazagaa na vilabu vingi vikafa. Kuaminiana nako kuna mipaka, na huchelewa kuota kati ya watu ambao hawajawahi hata kusalimiana.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Wanaokufa katika majanga mara nyingi hawafi kwa kishindo. Julai 1995 joto kali liliua watu zaidi ya 700 mjini Chicago, Marekani, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, madirisha yamefungwa, hakuna wa kuwagongea. Mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, ilipishana sana kwa vifo, ingawa wazee maskini wanaoishi peke yao walikuwepo kote kuwili. South Lawndale, wenye vifo vichache, ulikuwa na maduka na watu njiani, kwa hiyo mzee alitoka akaonekana. North Lawndale, wenye vifo vingi, ulikuwa umehamwa, wenyewe wamejifungia. Puerto Rico nako, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, baada ya kimbunga Maria cha Septemba 2017, hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa watu 64. Baadaye ikakadiriwa upya kuwa 2,975, kwa sababu wengi walikufa wiki na miezi iliyofuata, umeme haupo, dawa hazipatikani, hospitali haifikiki. Kwa hiyo mkijua nani jirani anatumia insulini na nani anapumua kwa mashine, mmeshajua nani wa kukimbilia kwanza.

Ya nyumbani nitayapitia haraka, maana mengi mnayajua. Maji yanatangulia chakula. Mashirika ya misaada huhesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, na kama lita tatu kati ya hizo ni za kunywa na chakula. Maji yenye shaka yachemsheni yatokote dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogokidogo. Jenereta na jiko la mkaa visiwashwe ndani hata kama mnaganda kwa baridi. Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, lilikosa umeme katikati ya baridi kali, na kuna familia zilizokufa kwa hewa ya sumu zikijaribu kujipasha moto. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Fedha taslimu kidogo iwepo, noti ndogondogo, kwa sababu benki nazo hufunga milango: Desemba 2001 Waargentina waliruhusiwa kutoa peso 250 tu kwa wiki, fedha zao wenyewe.

Redio ya betri msiidharau. Mtandao ukikatika, uvumi hauhitaji intaneti. Mtu akija anahema kuwa maji yametiwa sumu au daraja limevunjwa, muulize: umeona kwa macho yako au umeambiwa? Akisema ameambiwa, habari iishie kwako mpaka ithibitike.

Na watoto wapeni kazi. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ilipozingirwa vitani kati ya 1992 na 1996, walimu waliendelea kufundisha kwenye vyumba vya chini na kwenye ngazi za majengo. Mtoto mwenye zamu ya kuangalia ndoo ya maji au kumsomea mdogo wake hana muda mwingi wa kuogopa, na mzazi wake vilevile.

Sasa Jumamosi hii chukueni daftari, mwende mlango kwa mlango. Ulizeni mko wangapi, nani mgonjwa, nani hasikii vizuri, nani hulala chumba gani, nani muuguzi, nani fundi, ufunguo wa akiba uko kwa nani. Wengine watawakazia macho kama wapelelezi. Msiwalazimishe, waachieni namba ya simu na jina, mwendelee. Asiyefungua kabisa mrudieni jioni, na jina lake liandikwe juu ya daftari.

Mzee wenu.