Mwanangu, rudieni hizo nyimbo mkiwa wawili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Huku Moshi tupo, bibi yako mguu umepoa anashuka mwenyewe mpaka kihambani, mvua ndo imetushika haswa na hapa sokoni Memorial ni tope tupu, mteja akishachagua shati moja anakimbia. Kwa hiyo muda wa kusikiliza albamu yenu nimeupata, tena wa kutosha, nikaazima eafoni za kijana wa kibanda cha pili maana kwa spika ya simu nilikuwa nasikia biti tu.

Maneno ni mazuri, hapo sina neno. Ule wimbo wa treni ya kuja Moshi nimeurudia mpaka mwenye eafoni akazidai. Na gitaa kavu la mdogo wako limekomaa, zamani alikuwa anazikwangua nyuzi kama anagombana nazo, siku hizi anaziacha zilie. Lakini mama, nakusikia wewe, namsikia yeye, nyie wawili siwasikii! Nikampigia mdogo wako kumuuliza imekuwaje, akaniambia wewe uliimba siku yako peke yako, yeye akaja kuimba siku nyingine, halafu prodyuza akazipitisha sauti zote kwenye otochuni, ile programu ya kunyoosha sauti, ili zikae sawa. Zikae sawa na nani sasa?

Hili ngoja nikueleze kama alto wa kwaya na sio kama mama. Mtu akishika do na mwenzie akaingia na mi juu yake, ile mi ya kinanda iko juu kidogo kuliko mi ambayo sikio linaitaka, ni kidogo mno, kama sehemu ya saba ya nusu sauti (ile hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda mpaka cha jirani yake), ila sikio linajua. Waimbaji wanaosikilizana wanaishusha wenyewe bila kuambiwa na mtu, mpaka sauti mbili zinashikana na unahisi kuna mtu wa tatu anaimba hapo ndani. Kinanda hakiwezi, maana nusu sauti zake zote zimelinganishwa ili uweze kuanzia do popote pale unapotaka. Sasa otochuni ikipangwa kawaida inavuta kila sauti irudi kwenye noti za kinanda. Yaani hata kama mdogo wako aliishusha vizuri kabisa akikusikiliza kwenye hedifoni, mashine imempandisha tena. Ndo maana nyimbo ziko safi na hazinisisimui.

Na nyie mna kitu ambacho sisi kwaya nzima tunakitafuta kila Jumamosi. Mmetoka tumbo moja, koo zenu zimefanana, mmejifunza kuongea ndani ya nyumba moja, kwa hiyo "a" yako na "a" yake ni ileile, pumzi mnavuta pamoja bila hata kuangaliana. Kwetu mwalimu anamaliza jioni nzima kutufanya mtu wa Uru, mtu wa Machame na mtu wa Same tutamke irabu moja kwa namna moja, na bado yupo mama mmoja anatoka nje, simtaji.

Wale wadada wa Sweden ulionitumia mwaka ule, First Aid Kit, Johanna na Klara Söderberg, nimewarudia wiki hii yote. Walianza kujulikana 2008 kwa video tu ya mtandaoni, wamekaa msituni na gitaa, mabinti wadogo, wanaimba wimbo wa watu wengine. Albamu yao ya kwanza, ya 2010, prodyuza alikuwa baba yao mzazi ambaye zamani alipiga gitaa kwenye bendi. Baadaye wakaenda Marekani, Omaha, kwa prodyuza mkubwa Mike Mogis, vyombo vikaongezeka, halafu 2022 wakatoa Palomino wakiwa wamerudi kurekodi kwao Sweden. Hiyo Palomino ina vyombo vingi, mimi naona pengine imezidi kidogo, ila popote walipopita zile sauti mbili zimekaa mbele na zimeshikana. Kwa hiyo usije ukaniambia mama hapendi vyombo, wekeni hata biti mkitaka, ila msiweke ukuta katikati yenu.

Halafu mtafute Everly Brothers, ndugu wa Marekani, Don na Phil, baba yako alikuwa na kaseti yao. 1958, wakati wanavuma kweli kwa muziki wa vijana, wakatoa albamu nzima ya nyimbo za zamani walizofundishwa na baba yao Ike, mtu aliyeacha mgodi wa makaa ya mawe kule Kentucky akaenda kupiga gitaa. Ni gitaa, besi na sauti mbili basi, Don chini Phil juu, na mpaka leo hakuna kinachopungua. Na sio wazungu tu wanaoimba kindugu, Wilson na George Peter Kinyonga, kabla ya Nairobi na Simba Wanyika yao, walikuwa na Arusha Jazz hapo jirani 1970.

Sasa hao hao Everly ndo wananileta kwenye jambo la pili ambalo mdogo wako kaniambia kwa kuzungukazunguka, unamjua. Anasema kwenye orodha mnayotaka kupeleka COSOTA, kule ofisi ya hakimiliki, umejiandika wewe mtunzi wa nyimbo zote. Sijui kama ni kweli na sitaki ugomvi, hatujafika mahali pa kupelekeana isale, lile jani la Wachaga la kuombana msamaha. Lakini Don na Phil walifika. 1973 jukwaani California, Phil alivunja gitaa akaondoka zake, Don akamaliza shoo peke yake, wakakaa miaka 10 hawaimbi pamoja mpaka 1983 London, Royal Albert Hall, na baba yao alikuwa ameshafariki huko katikati. Na hapo walikuwa bado hawajamaliza, wimbo wao mmoja wa 1960 ulioandikishwa kwa majina ya wote wawili ulipelekwa mahakamani 2017, Don na familia ya Phil, Phil mwenyewe akiwa kaburini. Kisa nani alitunga.

Wewe maneno ni yako, hilo nalijua, nimeyaona kwenye madaftari tangu uko sekondari. Ila melodi ya ule wa treni mdogo wako alikuwa anaipiga hapa barazani kabla hujaweka hata neno, nilikuwepo. Kaeni chini muandike wimbo mmoja mmoja, maneno nani, melodi nani, asilimia ngapi, wote mtie sahihi, ndo mpeleke. Hakimiliki yetu hapa inaenda maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo mnawaandikia wajukuu zangu, na hao nao watagombana vizuri tu bila msaada wenu.

Hizo nyimbo rudieni za sauti mbili tu, tatu au nne, msirudie zote. Simameni mnatazamana, maiki moja katikati, mwenye sauti kubwa (ni wewe) arudi nyuma hatua moja, na otochuni izimwe. Prodyuza atasema maiki moja haitampa nafasi ya kurekebisha baadae, na ni kweli haitampa. Mkikosea rudieni kuanzia mwanzo.

Hela ya studio ya siku ya ziada nitatuma Jumamosi jioni nikishafunga, mvua ikiniruhusu kuuza. Ila naitaka na namba ya huyo prodyuza, nitaongea naye mwenyewe, kwa heshima tu.

Mama