Mbeleko za mchangani zimezidi, mhariri

Mhariri habari za kazi, pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti naanzia kurasa za nyuma kama wengi tu, na kila wiki naona mnajadili refa kaibeba Simba, mara kaibeba Yanga, ila huku kwetu mchangani ambako hakuna kamera wala marudio hakuna anayetuandikia hata mstari mmoja. Leo naomba na mi nitoe ya moyoni.

Mi ni meneja wa timu ya vijana huku Mbagala. Meneja yani ndo mimi nabeba jezi kwenye sandarusi, ndo mimi nazifua, ndo mimi nadaiwa hela ya maji. Jumapili iliyopita tulikuwa na nusu fainali ya kombe la mbuzi kwenye uwanja wa wenyeji ambao siwataji, maana mtaa wao napita kila siku nikienda kazini. Mbuzi mwenyewe kafungwa kwenye mwembe nyuma ya goli, anakula maganda ya ndizi, anatuangalia.

Mpira ulitakiwa uanze saa 10 jioni, ukaanza saa 10 na dakika 40 kisa refa bado anakunywa supu ya pweza, na anayelipa supu ni mwenyekiti wa timu mwenyeji, nimeona kwa macho yangu noti inatoka, filimbi kaifunga kamba ya kiatu iko shingoni inataka kuingia kwenye bakuli. Sikusema kitu. Nikajisemea mtu na njaa yake bwana.

Kipindi cha kwanza katikati tukapata mpira wa kurusha, dogo karusha mbele, straika wetu kaupata kabaki yeye na kipa, mara fiii, ofsaidi. Ofsaidi ya mpira wa kurusha mhariri! Mpira wa kurusha hauna ofsaidi, kona haina, goli kiki haina, ipo kwenye sheria namba 11 na hata watoto wanaocheza chandimu uchochoroni wanajua. Kepteni wetu akamfuata kwa adabu zote, "shikamoo refa, ile ilikuwa ya kurusha", kapewa njano. Na hiyo kadi yenyewe ni kipande cha dumu la mafuta ya kula, kimekatwa kwa kisu, kingo zake hata hazijanyooka.

Tukafunga hivyo hivyo. Kichwa cha kona kipindi cha pili, refa alimuangalia mshika kibendera wake muda mrefuuu lakini yule kijana, Mungu ambariki, alishakimbilia kati, yani goli. Hapo ndo shida ikaanza sasa. Tulikubaliana dakika 40 kwa 40, mapumziko 10, kwahiyo saa 12 na dakika 10 tumemaliza, mahesabu ya darasa la tatu hayo. Saa 12 na 10 mpira unachezwa. Na 20 unachezwa. Nikapiga kelele refa muda, akanionyesha kiganja eti za majeruhi, majeruhi yupi wakati kilichosimamisha mpira siku hiyo ni pale ulipotumbukia mtaroni tukautoa kwa mti, dakika mbili hazikufika. Adhana ya magharibi ikatoka, wazee wa pembeni wakaanza kuondoka kwenda kuswali, sisi bado tunacheza tu.

Alafu ikaja penati. Boksi la pale wanachora kwa majivu, na majivu kufika kipindi cha pili yameshaliwa na miguu, kwahiyo mapumziko alitoka mtoto mmoja wa pale pale akachora mstari upya kwa kisigino. Sikumtilia maanani, nilikuwa nagawa maji. Kumbe kalisogeza boksi mbele kama hatua tatu! Namba nne wetu kamgusa mtu nje kabisa, refa kakimbia, kauangalia ule mstari wa kisigino, kaonyesha penati. Moja moja. Hapo hapo kapuliza mpira umeisha, yani ule muda wote wa majeruhi ulikuwa unasubiri goli lao. Tukaenda penati za tano tano kiza kimeingia, watu wanamulika kwa simu, kipa wetu anasema mipira alikuwa anaiona ikishampita. Tukatoka.

Sasa mhariri mi sikatai kwamba refa ni mtu na anakosea. Yule refa Mtunisia Ali Bennaceur hakuona Maradona kafunga goli kwa mkono mwaka 1986 kule Mexico, Argentina na England, watu zaidi ya laki moja uwanjani na dunia nzima kwenye tivii, haikuwa njama, hakuona tu. Kutoona nasamehe. Ila wa kwetu saa aliiona, mi mwenyewe nilimuona anaiangalia mara mbili.

Lakini ngoja niseme na upande wake, maana mi mwenyewe nilishawahi kupuliza. Siku moja refa hakutokea nikapewa filimbi, nikatoa penati dhidi ya wenyeji, ya haki kabisa, beki kaushika mpira kama kipa. Niliondoka pale na bodaboda bila kuaga, filimbi iko mdomoni. Na hela sikupata, niliambiwa njoo kesho, nikaenda kesho wakasema mwenye hela kasafiri. Ndo utaratibu wa huku, refa analipwa na mwenyeji, tena baada ya mechi, elfu 15 yake na vibendera elfu saba saba. Umnyime penati mtu ambaye elfu 15 yako iko mfukoni kwake na nyumbani unarudi kwa kukatiza mtaa wake? Sheria inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya uwanjani ni wa mwisho, sawa, ila huku uamuzi wa mwisho uko kwa mshika hela.

Kwahiyo pendekezo langu ni dogo tu. Hela ya refa zitoe timu zote mbili nusu kwa nusu, ashike mtu wa tatu kabla mpira haujaanza, hata mama muuza maji pale uwanjani wote tunamuamini, na refa alipwe afungwe nani asifungwe nani. Na atoke mtaa mwingine. Vijana waliosoma kozi ya uamuzi wapo, waamuzi wana chama chao FRAT, watu waulize huko badala ya kumpa filimbi shemeji yake mwenyekiti. Na mistari ichorwe upya mbele ya makepteni wote wawili, hili naliweka kwa uchungu.

Juzi Jumatano nimelipeleka hili kwenye kikao cha timu yetu. Wachezaji wamelipokea vizuri, kepteni ndo usiseme. Mwenyekiti wetu kanisikiliza mpaka mwisho, kanywa soda yake taratibu, kaniambia wazo zuri sana meneja, ila tulianze mwakani, maana mwezi ujao kombe tunaandaa sisi, na refa ameshaongea naye.

Ni mimi,
Mfua jezi, Mbagala, Dar es Salaam