Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Nani Aingie Barazani Petu

Wazee wetu, ndugu wanachama wa chama chetu cha bao, na nyinyi wageni mlio katika muda wa ugeni,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwanza tuwaombee dua wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Allah awasamehe na awajaalie pepo.

Mambo ya fedha yako kwa mshika fedha, naye keshabandika hesabu ukutani. Sina la kuongeza, ila paa limetengenezwa, na inshaallah masika yajayo hatutakimbia na mabao vichwani kama tulivyokimbia Ramadhani iliyopita, iliyoangukia Machi mvua zinaanza. Kete zilizopotea siku zile tumezifidia kwa komwe kutoka shamba. Bao moja linataka kete 64, na 63 hazianzishi mchezo.

Sehemu iliyobaki ya taarifa hii nataka niitumie kwa jambo moja, nalo ni nani anaingia katika chama hiki na anaingiaje.

Wakongwe mnakumbuka tulivyokuwa. Mtu akilipa kiingilio, jina lake likiandikwa, jioni ileile yumo ubaoni. Daftari lilijaa, na baraza likajaa kelele. Kete zilirushwa. Mtu alitukaniwa mamake kwa sababu ya nyumba, lile shimo kuu la ubaoni, kuliwa. Kamari ya chinichini ikaingia, kwanza ya kikombe cha kahawa, kisha ya pesa. Wazee wakaanza kuaga mapema, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake wa heshima.

Ndipo tukaweka masharti. Anayetaka kuingia hukaa miezi mitatu akiwa mgeni: anakunywa kahawa, anatazama, anacheza bao la kujifunza, lakini hapigi kura wala haingii mashindanoni. Anatafuta wadhamini wawili miongoni mwa wanachama, na akikosa adabu mwaka wake wa kwanza, wadhamini huitwa pamoja naye. Mwisho, kabla jina halijaandikwa, anacheza bao la Kiswahili mbele ya wazee watatu mpaka mwisho, bila ya kunong'onezwa.

Sharti hilo la mwisho limelalamikiwa sana. Watu husema tunatafuta mabingwa. Hatutafuti mabingwa, wengi waliopita walifungwa vibaya, na tukawakaribisha. Tazameni mchezo wenyewe. Katika bao la kujifunza kete zote zinapangwa mbilimbili mashimo yote 32, na mtu anaanza moja kwa moja na mtaji, yaani anachota kete za ubaoni na kuzungusha na kushangiliwa. Bao la Kiswahili halimpi nafasi hiyo. Ubaoni kila mmoja anaanza na kete kumi tu, sita katika nyumba na nne pembeni yake, na 22 zimo mkononi. Lazima anamue, atie moja, mwenzake atie moja, hadi mikono iwe mitupu, ndipo aone mtaji. Asiyejua kungoja hujulikana hapo, kabla hajasema neno. Na kuna mtihani wa pili, mgumu zaidi: safu yako ya mbele ikikauka, umefungwa, hata kama ya nyuma imesheheni. Mtu anazitazama kete zake tele na anaambiwa basi, kwisha. Wazee watatu huwa hawautazami ubao wakati ule. Wanamtazama usoni.

Tumepata nini? Wanaoingia wamepungua, sikatai, na huko mitaani tumeitwa mabwanyenye wa kete. Yuko mgeni aliyeambiwa kwamba hapa hatuchezi kwa pesa. Akashukuru kwa kahawa, hakurudi, na hakuna aliyemfuata. Mwengine aliupiga ubao kwa kiganja mpaka kete zikaruka, na kabla sijaita kikao mdhamini wake alinifuata nyumbani baada ya Isha kuondoa udhamini wake. Kwangu mimi hilo la mdhamini lina uzito kuliko la mgeni, maana linaonesha kwamba mtu ameelewa alichokidhamini. Na wazee wamerudi. Tarawehe zikisha, mikeka ilikuwa haitoshi.

Wako wanaosema baraza ni la watu wote, masharti ya nini. Mbona Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, kila apitaye hukaa, akanywa kahawa, akacheza dhumna au bao, akaondoka? Naam, na pale ndivyo panavyopendeza, ni njia panda ya mji. Sisi tuna katiba, tuna chumba, na tuna jirani zetu ambao madirisha yao yanatutazama.

Kamati ililetewa mapendekezo mawili ya kuukaza mlango zaidi, na yote mawili nayapinga.

La kwanza ni kupandisha kiingilio. Mnawajua wachezaji wetu wenye subira kuliko wote: mmoja anavua, mmoja anachukua mizigo bandarini. Kiingilio kikipanda, hao ndio watakaobaki nje, na yule aliyetutukania wazazi atalipa mara mbili na kuomba risiti.

La pili ni kuweka umri, asiingie aliye chini ya miaka 30. Ndugu zangu, ugomvi mkubwa wa mwaka huu ulikuwa baina ya watu wawili wenye wajukuu. Siwataji, wamo humu ndani na wamekaa mbalimbali. Vijana wawili tuliowapokea, mmoja bado mwanafunzi wa skuli, hawajawahi kuonywa hata siku moja.

Nakuja kwenye lililonikera. Mwaka huu ulikuwa wa uchaguzi, na sote tunajua tofauti ya baraza na maskani. Maskani ina chama chake cha siasa, bendera yake na rangi yake, na hatuna ugomvi nayo. Kanuni yetu imesema kofia na fulana za vyama zibaki nyumbani. Kuelekea Oktoba 29 kanuni hiyo ilivunjwa, tena si mara moja, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeivunja. Waliokuja na kofia ni wanachama wa zamani, walioingia kabla ya masharti kuwepo, na walipoulizwa walijibu kwamba wao hawakutia saini chochote. Ni kweli, hawakutia. Mgeni amekaa pembeni anachunga ulimi wake miezi mitatu, na anayemtazama kama mwalimu ndiye anayepiga kelele za kampeni juu ya ubao.

Kwa hiyo kamati inapendekeza masharti yawe ya wote. Kila Januari kila mwanachama, awe mwasisi awe wa jana, atie saini karatasi ileile anayotia mgeni, na alete wadhamini wawili. Mimi nimeshaanza kuwatafuta wangu. Mmoja amekubali, wa pili amesema atafikiri.

Kuna na la Bi. Mwalimu aliyeomba kuingia. Katika kamati palisemwa kwamba hatapata wadhamini. Amepata wanne, ikabidi achague. Palisemwa kwamba si desturi. Katiba tuliyosajiliwa nayo kwa Mrajis inasema "mkaazi mwenye tabia njema", basi. Ugeni wake unakwisha Februari na atacheza mbele ya wazee watatu kama wengine. Mwenye neno aliseme leo hapa, asilipeleke kichochoroni. Na kwa faida ya wanaojitolea kumpima: nimemwona akinamua, jiandaeni.

Pendekezo la saini na wadhamini linapigiwa kura leo baada ya kahawa, kwa karatasi za siri. Wageni mtatusamehe, mtasubiri nje kidogo. Katibu anazo karatasi. Atakayekosa amwone kabla ya adhana ya Magharibi.