Kaka, mtamba wa baba anakaribia kuzaa

Kaka yangu,

Leo nalala na tochi kando ya mto wa kichwa. Leo ni siku ya 281 tangu mtamba apandishwe. Kiwele kimejaa hadi kinang'aa, pembeni mwa mkia kumelegea kabisa, na jioni amegoma pumba. Haya unayajua wewe. Baba alikufundisha wewe, mimi nilikuwa nashika taa tu.

Ni yule yule ndama niliyemnywesha maziwa ya jirani kwa chupa ya soda.

Sijasahau usiku wa mama yake. Alizaa salama, ndama akasimama, akanyonya dang'a, maziwa ya kwanza. Kisha ng'ombe akalala chini, shingo kaikunjia ubavuni, masikio ya baridi kama maji ya mtungini. Nikakupigia. Ukasema kivuko kina foleni Kigongo, na ng'ombe amechoka tu, mngoje asubuhi. Tukangoja. Alfajiri alikuwa amekufa. Mtaalamu wa mifugo alipofika akasema ni upungufu wa kalsiamu, dripu ya mshipani ingeweza kumwinua.

Hilo nilikusamehe siku ile ile. Ninaloshindwa ni kikao cha jioni. Mama amekaa mkekani, wazee wamekaa, ukasimama ukasema, "Huyu ndiye kaua ng'ombe wa baba." Ukaninyooshea kidole. Wewe, uliyekuwa unanibeba mgongoni kuvuka majaruba nisilowe sare ya shule!

Kaka, mtu akikwambia masikio ya ng'ombe yamepoa, usimwambie angoje. Ndiyo, ningeweza kumwita mtaalamu mwenyewe. Lakini hela ya mifugo ilikuwa kwako, na neno la mwisho lilikuwa lako tangu tumzike baba. Ningekuruka vipi? Nilikuwa na miaka 19. Na mama hakusema kitu, nikajua kaamini.

Safari hii sikuomba ruhusa. Nimeongea na mtaalamu mapema. Kasema mzao wa kwanza ni nadra kuanguka vile, ila namba yake nimeiandika ukutani kwa mkaa. Aidini ya kupaka kitovu cha ndama ninayo, nyasi kavu nimetandika.

Foleni ya kivuko nayo haipo tena. Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, unatoka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache. Mama anauliza kila Jumapili kama umepiga.

Nasikia anainuka, analala, anainuka tena. Ute umeanza kuning'inia. Naenda zizini. Simu iko mfukoni, nimeiwasha sauti.