Kesi za dawa za kulevya zinafia stoo ya vielelezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Kigoma husemwa kwa hasira, na hasira hiyo mara nyingi humwangukia asiyehusika. Mshtakiwa wa bangi akiachiwa huru, neno la kwanza utakalosikia Mwanga au Ujiji ni kwamba hakimu kala. Anayekaa chini akaisoma hukumu yenyewe mara nyingi hukuta jambo jingine kabisa: gunia lililokamatwa kijijini na gunia lililoletwa mahakamani halikuthibitishwa kuwa ni lilelile. Hapo hakimu hana pa kupita.

Mwaka 2009, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani iliweka wazi kinachotakiwa: kumbukumbu zinazofuatana kwa wakati, zinazoonyesha kielelezo kilikamatwaje, nani alikitunza, nani alikihamisha, kilichunguzwa wapi na kiliishia wapi. Baadaye mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba karatasi zikipungua, ushahidi wa mdomo wa mashahidi wa kuaminika unaweza kuziba pengo, na kwamba kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama pembe za ndovu, ukali hupungua. Bangi haiwezi kujificha humo. Majani makavu ya gunia hili hayatofautiani kwa macho na ya gunia la pili yake, na kete za unga ni hivyohivyo. Tena askari anayetegemea kichwa chake ataitwa kutoa ushahidi miaka miwili au mitatu baadaye, pengine amekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine, na wakili atamuuliza alimkabidhi nani gunia lile, saa ngapi, na wakati huo stoo ilikuwa na magunia mangapi yanayofanana nalo.

Tuanzie eneo la tukio, kwa sababu makosa ya pale hayatibiki baadaye. Kifungu cha 38(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinataka itolewe stakabadhi ya mali iliyochukuliwa, ikiwa na sahihi ya mwenye nyumba au anayeishi au kusimamia mahali hapo, pamoja na za mashahidi wa upekuzi. Hati ijazwe palepale, mali ikiwa mbele ya macho ya wote. Hati inayojazwa kituoni jioni, halafu mwenyekiti wa kitongoji akafuatwa nyumbani kesho yake aweke sahihi, huanguka pale tu mwenyekiti huyo anapoulizwa aliiona wapi. Na shahidi huyo aandikwe kwa majina kamili na cheo, aelezwe kwamba ataitwa mahakamani. Katika mkoa wetu lipo la ziada: tuna wakazi na wakimbizi wanaozungumza Kirundi au lugha za ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Mtu wa namna hiyo akiwekewa hati aweke dole gumba bila mkalimani aliyetajwa kwenye hati yenyewe, dole hilo halina uzito wowote.

Sasa uzito, ambao nauona ndio mtego mkubwa kuliko yote. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake ya 2017, inatenganisha makosa ya usafirishaji kwa kipimo. Kwa dawa kama heroini na kokeini mpaka ni gramu 200: zikifika hapo au pungufu, adhabu ni kifungo cha miaka 30, zikizidi, ni kifungo cha maisha. Bangi nayo ina mpaka wake kwa kilo. Chukua kifurushi cha heroini chenye gramu 206 pamoja na nailoni na gundi yake. Vua vifungashio, mizani inasoma 193. Gramu 13 za plastiki zingemfunga mtu maisha. Kwa hiyo kila mara paandikwe uzito wa jumla na uzito halisi, na iandikwe kipi ni kipi.

Kwa bangi mbichi hatari inageuka upande wa pili. Mmea huo ukiwa umeng'olewa leo una maji karibu robo tatu ya uzito wake. Gunia lililopimwa kilo 60 likiwa bichi linaweza kushuka hadi kilo 15 au 18 likikauka vizuri. Hakuna aliyeiba. Lakini kama hati ya ukamataji inasema "kilo 60 za bangi" bila kutaja kwamba ilikuwa mbichi, na taarifa ya mkemia inasema kilo 16, wakili wa utetezi anahitaji swali moja tu: kilo 44 zimekwenda wapi? Dawa yake ni maneno machache kwenye hati: mimea mibichi, idadi ya miche, yenye mizizi au isiyo na mizizi, uzito siku ya kukamatwa. Ikishakauka ipimwe tena mbele ya mshtakiwa na shahidi, kwa mizani ileile ikiwezekana, na uzito mpya uandikwe pembeni mwa ule wa kwanza bila kuufuta. Mizani yenyewe iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo ambao haujapitwa na muda. Mizani ya kuazima kwa mnunuzi wa maharage haifai kumfunga mtu miaka 30.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: bangi mbichi kufungwa kwenye nailoni na kubandikwa gundi ili "isiguswe". Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwa zimeshika Kigoma, furushi hilo hutoa jasho ndani, likaota ukungu, likaoza. Mkemia huitambua bangi kwa kuanza na vinyweleo vya jani anavyoviona kwa hadubini kabla ya kwenda kwenye vipimo vya kemikali, na jani lililooza linampa kazi ngumu. Kiini kinacholevya nacho huvunjika taratibu kwa mwanga na joto. Bangi ikaushwe kwa kutandazwa kwenye chumba kikavu kinachofungwa, kisichopigwa jua, kisha iwekwe kwenye mfuko wa karatasi nzito au gunia linalopumua. Nailoni iachiwe unga na vidonge.

Baada ya hapo ni lakiri na lebo. Mdomo wa mfuko ufungwe kiasi kwamba hauwezi kufunguliwa bila kuacha alama, na sahihi za askari, mtuhumiwa na shahidi zipite juu ya ukingo wa utepe, nusu kwenye utepe na nusu kwenye mfuko. Lebo ya PF 145 ibebe namba ya kesi, tarehe, mahali na jina la mkamataji. Daftari la vielelezo, PF 16, ndilo linalosema ukweli wote. Ukilifungua kwenye kituo kilichozembea utakuta kielelezo kimeingia tarehe fulani, kisha mstari wa kutoka uko mtupu, ilhali barua ya kwenda kwa mkemia imegongwa muhuri wiki tatu nyuma. Kilitokaje? Nani alikibeba? Kililala wapi njiani? Mwongozo wa Jeshi la Polisi, PGO namba 229, umeagiza siku nyingi makabidhiano ya mkono kwa mkono yaandikwe. Agizo lipo, kinachokosekana ni mkuu wa kituo anayefungua daftari kila Jumatatu na kulilinganisha na kilichomo stoo.

Mfuko unaotoka Kakonko au Buhigwe kwenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hubadilisha mikono mara kadhaa, na kila mkono ni shahidi mmoja zaidi. Basi mikono ipunguzwe: aliyesaini kuutoa stoo ndiye aufikishe maabara na fomu ya kuwasilisha sampuli, DCEA 001, na ndiye aurudishe taarifa ya mkemia, DCEA 009, ikishatoka. Kipimo cha rangi kinachofanywa haraka ni cha kuashiria tu, hakithibitishi. Shtaka lisubiri taarifa ya maabara. Vifurushi vikiwa vingi, kanuni inayotumika sana kimataifa ni hii: chini ya 10, chukua sampuli kwenye vyote, kuanzia 10 hadi 100, chukua vifurushi 10 bila kuchagua, vikizidi 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi yake, yaani vifurushi 20 kati ya 400. Kuchota kifurushi kimoja cha juu na kudai gunia zima ni bangi ni kujitafutia kushindwa.

Mahakamani jambo ni fupi lakini linaua kesi: hati ikishapokelewa kuwa kielelezo isomwe kwa sauti mshtakiwa aisikie. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani huiondoa kwenye kumbukumbu, na kesi inabaki imesimama kwa mguu mmoja.

Mwisho ni uteketezaji. Sheria inaruhusu mzigo mkubwa kuteketezwa kabla ya hukumu kwa amri ya mahakama, na ningependa njia hiyo itumike zaidi, maana stoo iliyojaa bangi ni kishawishi kwa kila anayeshika funguo. Lakini mshtakiwa lazima aletwe mbele ya hakimu na asikilizwe. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo kuhusu vielelezo vinavyoharibika katika Rufaa ya Jinai Namba 385 ya 2017, na fomu ya orodha iliyosainiwa bila yeye kuwapo haikumsaidia mtu. Sampuli zitengwe na kufungwa lakiri kwanza, picha zipigwe mizani ikionekana, uzito uandikwe. Na shimo lichimbwe mbali na makazi, bangi iwe imekauka, kwa sababu mbichi hufuka moshi tu na kubaki nusu, na usiku watu huifukua. Ofisa asiondoke hadi kilichobaki kiwe majivu na shimo limefukiwa.

Mdau wa sheria,
Kigoma Mjini