Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Sanaa: kunguru wangu kakatwa vipande vitatu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Tanga. Kama umenizidi umri basi shikamoo, na kama mi ndo nimekuzidi itoe wewe hukohuko Dodoma, nami naitikia marahaba huku Ngamiani, tusije tukaanza kwa kukoseana adabu.

Mi ni fundi baiskeli. Tanga unaijua, baiskeli huku ni kama kandambili, kila nyumba ipo, kwahiyo njaa sijawahi kulala nayo na barua hii sio ya kuomba mkopo, naliweka wazi hilo mapema maana najua barua nyingi zinazokufikia mwisho wake ni mkopo. Barua hii ni ya kunguru, mdoli wangu wa spoku na bati, pamoja na hadithi yake na wimbo wake.

Ilianza 2009. Alikuja mteja na mtoto wake wa miaka kama minne, tyubu ya nyuma imetoboka sehemu mbili, mtoto analia hataki kusubiri, baba anamtishia polisi. Nikaokota spoku mbovu, nikaikunja katikati kama mkono wa pedeli, huku na huku nikachomeka magurudumu niliyoyakata kwenye ndala iliyoisha, juu nikafunga vipande viwili vya kopo la mafuta ya kula. Ukisukuma, ule mkunjo wa spoku unapanda na kushuka, na vile vibati vinapiga juu chini, juu chini. "Ndege!" mtoto kasema, na mi mwenyewe nilikuwa hata sijaamua natengeneza nini. Kiraka kikakauka, baba akalipa, mtoto kagoma kuondoka, anataka kujua ndege anaitwa nani. Nikasema kunguru, kwa sababu alikuwepo mmoja juu ya bati ananitolea macho. Akauliza, mbona shingo yake ina majivu?

Hapo ndo nilipopatikana Mheshimiwa. Mdoli ulinichukua robo saa, hilo swali limenichukua maisha.

Kunguru wa huku pwani unawajua, mwili mweusi shingo kijivu, na sabuni wanaiba kwelikweli, ukisahau kipande cha sabuni ya mche uani ukirudi hukikuti. Nikamwambia yule mtoto zamani kunguru alikuwa mweusi tii mwili mzima, akamwonea wivu yangeyange kwa weupe wake, akaenda kuiba sabuni kwa bibi mmoja ili na yeye aoge atakate. Akaanza na shingo maana ndo inayoshika jasho kwa mtu asiyetulia. Kabla hajafika mabawani mlango wa uani ukalia, bibi huyo, ufagio mkononi, kunguru akaruka na povu lake. Ndo vile unavyomwona, shingo imepauka na kwingine kumebaki kulivyokuwa, na kila siku anarudi uani kuitafuta ile sabuni amalizie. Anachodhani ni kwamba tunamfukuza kwa sababu ya rangi. Tunamfukuza kwa sababu ya wizi.

Wimbo ulikuja wenyewe, kwa mlio wa vibati:

Kunguru sabuni kaipata wapi?
Kwa bibi uani, juu ya bati.
Shingo imepauka, bado mabawa,
mlango umelia, bibi kaja, ruka!

Kwenye "ruka" mtoto anasukuma mbio na mabawa yanapiga kelele mtaa mzima. Watoto wa Tanga wanacheka zaidi wakifika "bado mabawa" kwa sababu tuna kata inaitwa Mabawa, wanadhani kunguru kabakiza kwenda kuoga huko. Sikulipanga hilo, lakini nalipokea.

Tangu siku hiyo nina midoli kumi na nne. Yupo mama ntilie anayekoroga sufuria kadiri unavyosukuma, yupo punda wa vizibo vya soda, lipo dau linaloyumba kwa gololi iliyofichwa tumboni. Kila mmoja una hadithi yake na wimbo wake na siuzi kimoja bila vile vingine viwili. Mteja akiniambia fundi mi nataka ndege tu hizo hadithi baki nazo, namwambia kaa hapo dakika tano nikuhadithie, bei ni ileile. Sio ukaidi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nauza midoli mitupu na baada ya wiki naiona jalalani, gurudumu moja limechomoka tu, kitu cha dakika mbili. Nilipoanza kutoa na hadithi, watoto wakaanza kuja nayo kibandani. "Babu fundi, kunguru anaumwa mguu." Anayeumwa humtupi. Hata baiskeli ziko hivyo, ile iliyopewa jina na mwenyewe inakaa miaka thelathini.

Sasa nije kwenye kilichoniuma.

Mwaka juzi shule moja ya chekechea ilichukua kunguru ishirini. Mwalimu akawafundisha watoto wimbo, mtu akarekodi kwenye simu, video ikatembea kama zinavyotembea. Miezi michache baadaye mjukuu wangu ananionesha katuni: kunguru anaoga, wimbo ni wangu neno kwa neno kasoro bibi kageuzwa mama, na chini kuna jina la mtu ambaye sijawahi kumtia machoni. Nilidhani kitakachonikera ni pesa. Nikaangalia hadi mwisho. Mwishoni mwa ile katuni sabuni haiishi, kunguru anaoga mwili mzima, anatoka mweupe pee kama yangeyange, na ndege wote wanampigia makofi.

Mheshimiwa, nina wajukuu wa kike watatu. Hadithi ya mweusi aliyeoga akawa mweupe akapigiwa makofi mi sijaitunga na siwezi kuitunga. Yule mtu sidhani hata kama alikuwa na nia mbaya, alichofanya ni kuokota wimbo bila hadithi, akajaza mwisho kwa kichwa chake. Wala hakuangalia juu ya bati lake mwenyewe, angemwona kunguru na shingo yake ya kijivu amesimama pale anamcheka. Kuna mtoto kashanijia na kuniambia babu we umekosea, kunguru alitakata, nimeona kwenye simu.

Nikaamua kwenda kusajili. Ofisi nilizopita sitazitaja, wale vijana wa dirishani hawana kosa, wanafuata fomu iliyo mbele yao. Dirisha la kwanza wakasema leta wimbo uliorekodiwa studio, huyo ndege hatuhusiki naye. La pili wakasema ndege ni ubunifu wa kiufundi, hiyo ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi, na hataza inataka kitu kipya duniani, je spoku iliyokunjwa ni kitu kipya? Nikajibu ukweli kwamba pedeli imekunjwa hivyo kabla babu yangu hajazaliwa. La tatu nikaulizwa mswada wa hadithi una kurasa ngapi, nikasema moja na nusu, wakaangaliana. Kwingine wakanishauri kuhusu ncha za bati zinaweza kukata mtoto, na huo ulikuwa ushauri wa maana, saivi nazikunja zote na koleo, nashukuru. Ila nikuambie kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu: dirisha la tatu, bosi alipotoka kwenda kuswali, yule kijana alimsukuma kunguru kwenye meza toka mwanzo hadi mwisho mara tatu, akaangalia mlangoni, akasukuma ya nne. Alafu akaniambia mzee samahani, hatuna kipengele chako.

Hatuna kipengele chako. Nilirudi nalo hilo neno kwenye basi hadi Tanga.

Sheria naielewa kiasi changu. Najua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hainilazimishi kusajili ndo kazi iwe yangu, ni yangu toka siku niliyoitunga. Lakini nenda wewe na mafuta ya cheni mikononi ukabishane na mwenye katuni, hamna karatasi hata moja, uone utaitwa nani.

Alafu usiku mmoja umeme umekatika, nikawa napekua simu, nikamkuta mwenzangu. Mjerumani anaitwa Friedrich Fröbel, kazaliwa 1782. Kaanza kwa kujifunza kazi ya misitu, baadaye akahudumu kwenye makumbusho ya mawe ya madini Berlin, mawe yale ya fuwele yenye pembe zilizonyooka utadhani yamechongwa na seremala. Mwaka 1837 akafungua mahali pa watoto wadogo pale Blankenburg, na 1840 akapaita bustani ya watoto. Ndo hiyo tunayoita chekechea, Mheshimiwa, yaani chekechea zote unazozijua chanzo chake ni huyu mzee. Na alianza na nini? Vitu vya kuchezea. Akaviita zawadi. Zawadi ya kwanza mipira sita laini ya rangi mbalimbali, ya pili vitu vitatu vya mbao, tufe, mcheduara na mchemraba, unavining'iniza kwa uzi unavizungusha mtoto anaona umbo linavyobadilika. Alafu 1844 akatoa kitabu cha nyimbo za mama na mtoto, kila wimbo una mchezo wake wa vidole na picha yake. Nikakaa kitandani gizani nikasema kumbe sio mi peke yangu, kuna mtu mwingine alikataa kuvitenganisha.

Ila endelea kusoma. Mwaka 1851 serikali ya Prussia, dola la Kijerumani la enzi hizo, ikazipiga marufuku chekechea zake zote. Sababu inayoelezwa ni kwamba kule wizarani walimchanganya na Karl Fröbel, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa ameandika mambo ya siasa wasiyoyapenda. Jina limefanana, faili limeingiliana. Mzee akafa 1852, marufuku ikaondolewa 1860. Miaka minane alikuwa kaburini ndo karatasi zikanyooka. Nakutajia hili wala sio kukutisha, nakutajia kwa sababu mi nina miaka hamsini na saba na mgongo wa fundi baiskeli haudumu kama wa karani.

Na yupo mwingine wa karibu na kazi yangu kabisa, Mhindi, Arvind Gupta. Injinia huyu, kasoma chuo cha uhandisi cha IIT Kanpur, akaajiriwa kiwanda cha malori Pune. Mwaka 1978 akaomba likizo akaenda vijijini Hoshangabad, kwenye mradi wa kufundisha sayansi, akawa anazunguka magulio kuona watoto watajifunza kwa vitu gani vya bei ya chini. Akakutana na kale kampira kembamba kanakovishwa kwenye valvu ya baiskeli. Akachukua vijiti vya kiberiti, akavichomeka kwenye vipande vya kale kampira, vikawa viungo, mtoto anajenga pembetatu, anajenga nyumba, anajenga chochote. Kampira hako, Mheshimiwa, mi ninako boksi zima hapa kibandani na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakaona spea tu. Akaendelea na vitu vya jalalani maisha yake yote, akaandika vitabu, na 2018 serikali yao ikampa nishani ya Padma Shri. Medali mi sina pa kuivaa, naitaja ili uone wenzetu walimpatia kipengele.

Ninachoomba ni hiki kimoja. Kwenye fomu zenu za kusajili kazi za sanaa pawepo na sehemu iliyoandikwa kazi ya watoto, ambapo mdoli, hadithi na wimbo vinaingia pamoja kama kazi moja, jalada moja, namba moja. Wanasheria najua watasema hakimiliki ni kitu kingine na hataza ni kitu kingine, sawa, sibishi, wavigawe humo ndani wanavyojua wao. Ila faili ndo litembee toka meza hii kwenda ile, sio fundi. Ili siku mtu akitaka kutumia wimbo wa kunguru aufungue akute na hadithi imo, akute na mchoro wa spoku, ajue mwisho wake ukoje, na akitaka kuubadilisha anitafute tukae tuongee. Pengine ningemruhusu. Kuna mwalimu Muheza aliomba kunguru aibe dawa ya meno badala ya sabuni kwa ajili ya wiki ya usafi wa kinywa, nikamkubalia palepale, ikabidi nitunge upya mstari wa tatu.

Yule wa katuni simtaki polisi. Namtaka arudishe shingo ya kijivu, basi. Pesa tutaongea baadaye, siwezi kusema sizitaki, nitakuwa muongo.

Kunguru mmoja nimemtuma kwako kwa basi la Dodoma, yuko kwenye boksi la viatu lililozungushiwa mpira wa tyubu, nimeandika WAZIRI kwa maka nyekundu, na hadithi nimeikunja nikaiweka chini ya bawa la kushoto. Kama hajakufikia waulize masijala, huenda yuko mezani kwa mtu anasukumwa. Ukimpata usimjaribu kwenye zulia, spoku inanasa nyuzi. Mpeleke koridoni kwenye sakafu ngumu, anza taratibu, ukifika "bibi kaja" ndo ukaze. Ncha nimekunja zote. Gurudumu la kulia linalegea kidogo nikikaza sana linagoma, likichomoka lirudishe tu kwa kidole, au mtume na basi lilelile, nina ndala za kutosha.

Ni mimi,
Babu Fundi Kunguru
Ngamiani, Tanga